Achari ya Kinyozi Khởi

Khởi, kinyozi wa mtaa wetu hapa Vĩnh Long, hakuwahi kumenya hata kitunguu. Miaka mitatu mkewe Thoa alipokuwa Taiwani akitunza wazee, yeye alikula kwa mama ntilie. Juzi Thoa akapiga simu: kesho yake anarudi, na hataki karamu. Alichokiota huko ni achari ya figili, basi.

Khởi alifunga kibanda papo hapo, akakimbilia sokoni. Alirudi na figili nyeupe tano na karoti mbili, akazikata vijiti vyembamba vilivyolingana, maana mkono wa kinyozi haukosei. Akavimwagia siki na sukari, akaonja, uso ukamkunjamana. Akabeba bakuli mbio hadi kwa jirani, Bibi Lài, aliyeonja kijiti kimoja na kukitema.

"Chumvi umeiacha wapi?"

"Kumbe inatiwa chumvi?"

"Mwanangu, wewe nywele unazinyoa kavu? Isugue chumvi kwanza, itoe maji yake. Ukikikunja kijiti ncha zikakutana bila kukatika, hapo isuuze, ikamue, ndipo utie siki."

Akarudi tena sokoni kununua figili nyingine. Mchana kutwa alikuwa akikunja vijiti, kimoja baada ya kingine, na ncha zilipokutana alicheka peke yake. Sisi tuliokwenda kunyolewa tulipewa achari badala ya wembe. Ilikuwa tamu, chachu, inalia menoni. Nilirudi na ndevu zangu, sikulalamika.

Kesho yake alifika stendi saa mbili nzima kabla ya basi kuingia, shati limepigwa pasi, chupa ya achari kifuani. Thoa aliposhuka tu, Khởi akamnyooshea chupa. Thoa aliifungua palepale katikati ya mizigo, akachota kwa vidole, akatafuna amefumba macho.

"Nani kakutengenezea?"

"Mimi."

"Muongo wewe."

"Kamuulize Bibi Lài."

Thoa akaushika mkono wa mumewe, akaunusa. Siki tupu. Akacheka huku machozi yakimtoka.

Kwenye pikipiki aliendelea kula nyuma ya mgongo wa mumewe, na kabla hawajavuka daraja chupa ilikuwa nusu. Akamwambia sikioni kwamba kuanzia leo jiko ni la mume, yeye Thoa kapikia watu vya kutosha. Khởi alikubali hata kabla mkewe hajamaliza kusema.