Fisi Nilikuwa Mimi, Mwindaji Nilikuwa Mimi

Polisi walipokuja kuchukua bunduki yangu, nilidhani wamekuja kununua ng'ombe. Nikawatolea viti. Mkubwa wao akasema, "Mzee, kuna mtu kaleta taarifa kwamba akili zako hazijatulia. Silaha tunaihifadhi kwanza."

Mimi niliishia darasa la tano, na hilo lenyewe mwalimu alinionea huruma. Nikajua wanasema mambo ya shule. Kumbe wanasema kichaa, kile cha kuokota makopo!

Bunduki ile ina kibali. Nilikiomba baada ya fisi kunimalizia ndama. Na huku kwetu Ushetu ukishaitwa kichaa, hata kwenye kikao cha ukoo unapewa uji ukakae na watoto. Nikaanza kujitetea kwa kupiga kelele, na hiyo si njia nzuri ya kuonyesha kwamba una akili.

"Afande, nani kasema?"

"Tulia, mzee. Utaitwa, daktari atakupima, na aliyekusema atakuwepo. Leo hakuna anayekuhukumu."

Hapo ndiyo nikakaa.

Siku ya kuitwa nilienda kituoni na mke wangu, nimevaa koti la harusi kwenye joto lote lile. Aliyenisema alikuwa jirani yetu mgeni, mfanyabiashara wa mchele kutoka Tanga, mstaarabu kabisa. Afande akamwambia aseme alichokiona kwa macho yake tu, ya kusikia ayaache.

"Nilimwona shambani peke yake," jirani akasema. "Kavaa ngozi ya mbuzi, kashika bunduki, anamfukuza mtu ambaye hayupo. Akapiga paa! kwa mdomo. Halafu akaanguka yeye mwenyewe, akafa. Halafu akaamka, akajililia."

Nikaangalia chini. Jirani hakuongeza chumvi hata chembe. Hata mimi ningejiripoti.

Daktari alikuwa binti mdogo. Akaniamkia shikamoo, nikaitika. "Baba, ni kweli?"

"Kweli tupu, mwanangu. Ila bunduki ilikuwa ya mti."

Nikaeleza. Mimi nacheza mbina, ngoma zetu za mashindano baada ya mavuno. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, anayevuta watu wengi ndiye mshindi, kwa hiyo kila mtu anaficha mbinu zake. Nilikuwa nimetunga mchezo mpya, nikaenda kuufanyia mazoezi mbali ili wapinzani wasiuibe. Fisi nilikuwa mimi, mwindaji nilikuwa mimi.

"Na aliyekuwa analia?"

"Mke wa fisi."

Afande, Msukuma mwenzangu, akageukia ukutani akakohoa sana.

Daktari hakucheka. Akaniuliza habari za usingizi, pombe, kama nasikia sauti, kama nimewahi kutaka kujiumiza. Nikajibu polepole, bila utani, kazi ngumu kuliko kulima. Kisha akamgeukia mke wangu.

Mke wangu akanitazama kuanzia koti hadi viatu. Jasho likaniloanisha koti lote.

"Kichaa hapana," akasema mwishowe. "Kero, ndiyo. Tangu anioe."

"Kero siyo ugonjwa," daktari akasema, akaandika.

Nilitoka na bunduki yangu, mwepesi utadhani nimetua gunia la pamba. Jirani alikuwa ananisubiri nje. "Nisamehe, mzee wangu. Niliwahofia watoto."

"Ulifanya sawa. Siku nikichanganyikiwa kweli, kaseme tena. Na wakuite tena useme mbele yangu, hivihivi."

Tukatembea kidogo. Akaniuliza, "Sasa yule fisi, mwisho anakufa kweli au anafufuka?"

"Njoo uwanjani," nikamwambia. "Hapa wapinzani watasikia."