Vyombo vya Kulwa

Hiki ninachokusimulia kilitokea, tena mchana kweupe, jua la saa nane, watu wamejaa. Nakwambia mapema ili usinikatize katikati kuniuliza kama nilikuwa na homa. Sikuwa na homa, sikuwa nimesinzia, na pombe sijaionja mpaka leo. Nilikuwa na hasira tu, na hasira haimfanyi mtu aone asiyekuwepo. Ingekuwa hivyo, mimi ningeona mizimu kila siku ya kazi.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mimi ni mzaliwa wa Korogwe. Serikali ilinipeleka kule kufundisha mapishi na ushonaji katika chuo cha ualimu, halafu wakaniongezea ulezi wa bweni la wasichana, kana kwamba sikuwa na kazi. Unajua bweni la wasichana linabakije wakishamaliza chuo? Hujui. Masanduku ya bati yasiyo na vifuniko, ndala za mguu mmoja, mabeseni yaliyotoboka, magauni yaliyowabana. Wao wanaondoka wakiimba, wewe unabaki kufagia.

Mwaka ule nikasema imetosha. Kwenye zahanati ya kijiji jirani akina mama walikuwa wanajifungulia sakafuni, juu ya magunia ya pamba. Nikamwendea mkuu wa chuo, nikamwambia kila kinachoachwa tukikusanye, tuwauzie wanakijiji, tuwanunulie wazazi wale godoro. Siku zile madukani hata sufuria ilikuwa ya kupanga foleni, kwa hiyo wanunuzi tungewapata. Mkuu akafurahi mno. Akawahutubia wanafunzi juu ya kujitegemea mpaka jua likawaunguza, kisha kazi yote akaniachia mimi. Wanafunzi nao, badala ya kusaidia, wakakaa kutunga jina. Nguo kuukuu za kutoka nje zilikuwa zinaitwa "kafa Ulaya", basi hivi vya kwetu wakaviita "kafa chuoni". Walicheka mpaka wakashika matumbo.

Sasa, kulikuwa na msichana mmoja anaitwa Doto. Kwa Wasukuma pacha anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, hilo nchi nzima inalijua. Kulwa wa huyu alifariki zamani. Lakini Doto alikuwa na kila kitu viwili viwili: sahani za bati mbili, vikombe viwili, mablanketi mawili, magauni mawili ya kitambaa kimoja, raba jozi mbili. Kila nikikagua bweni tunagombana.

"Doto, kitanda kimoja, mizigo ya watu wawili ya nini?"

"Nyumbani ndivyo walivyoninunulia, mwalimu. Kimoja changu, kimoja cha Kulwa."

Wazazi wake huko Sapiwi hawakuwahi kununua kitu kimoja tangu wazae. Pamba ikiwalipa, wananunua viwili. Isipowalipa, Doto anakaa bila. Mtu wa Korogwe utasema nini? Niliguna nikapita.

Alipomaliza chuo akapangiwa shule ya msingi kule Mwandoya. Asubuhi ya kuondoka akaniletea nusu nzima ya vitu vyake, kavifunga vizuri ndani ya blanketi.

"Uza, mwalimu. Mimi sasa ni mtumishi. Nimechoka kumbebea mizigo mtu ambaye hayupo."

Nilimpongeza! Kati ya takataka zote zile, hivyo ndivyo vilikuwa vitu vizima. Akapanda basi, akaenda zake.

Jumamosi tukapanga meza kwenye veranda ya bwalo. Mvua ilikuwa imenyesha, na kama unalijua tope jeusi la mbuga za kule, linagandia miguuni mpaka mtu anarefuka. Veranda nzima ilichafuka. Mmoja anataka nimpunguzie beseni kwa sababu lina tundu. Mwingine anataka ndala ya kushoto tu, ya kulia anayo. Mwingine ananiuliza kwa nini sikuvifua kwanza. Sauti ilinikauka kwa kufoka. Katikati ya zogo hilo nikamwona Doto.

Kajifunga kaniki, miguu mitupu, kakaa chini kando ya meza. Anachukua sahani, kikombe, gauni, raba, anavitenga pembeni taratibu.

"Doto! Basi limeharibika?"

"Sijui habari za basi. Nachukua vyangu."

"Vyako vipi? Si umenikabidhi mwenyewe, ukasema niuze!"

"Amekukabidhi yeye," akasema. "Mimi sijaulizwa."

Hebu niambie, wewe ungefanyaje? Niliona msichana ananichezea mbele za watu, siku ambayo sikuwa na nafasi ya kuchezewa. Nikamwambia akivitaka anunue kama wenzake.

"Sina hela, mwalimu. Nimepewa kila kitu, ila hela sijawahi kupewa."

Nyuma yake alikuwepo Bwana Hamisi, mwenye duka mjini, ameshachoka kusubiri. "Mwalimu, blanketi linauzwa ama haliuzwi?" Nikalivuta blanketi, nikampa. Msichana hakung'ang'ania. Alinyoosha miguu tu mbele yake kama mtu aliyechoka, na hapo nikaziona nyayo zake. Hazina tope hata chembe. Hazina ufa, hazina sugu. Amini usiamini, zilikuwa laini kama za mtoto ambaye hajaanza kutambaa.

"Basi tutatumia vyake," akasema. "Ila havitatutosha wawili."

Kuna mtu akanivuta mkono kuniuliza bei ya ndoo. Nilipogeuka tena, hayupo.

"Huyu Doto kapita wapi?" nikamuuliza Bwana Hamisi.

"Doto gani? Mimi nimekuona unaigombeza meza."

Nikasema sawa, hata Bwana Hamisi leo ananitania. Nikauza vyote, jioni nikahesabu, godoro likapatikana. Nikadhani nimemaliza.

Nimemaliza wapi! Wa kwanza kurudi alikuwa Bwana Hamisi na blanketi lake kwapani. "Mwalimu, hili blanketi lina mtu. Nikijifunika, upande mmoja unavutwa. Mke wangu kahamia chumba cha watoto." Nikamwambia blanketi halirudishwi, hili si duka. Akaliacha mlangoni akaondoka. Akaja mke wa mpishi na sahani, mwanawe hataki kuilia, anasema kuna mtu anamwangalia anavyotafuna. Akaja binti wa pale kijijini na gauni, kila akilivaa anasikia limeshavaliwa. Raba nilizikuta zenyewe kizingitini pangu, na aliyezinunua hakutaka hata kunisalimia njiani. Nilikasirika! Watu wamelilia vitu, wamevipata, sasa wananirudishia takataka ileile niliyokuwa naikimbia.

Ndipo asubuhi moja akatokea mama mtu mzima, katembea kutoka Sapiwi, tope mpaka magotini.

"Mwangaluka," akasema.

"Mwangaluka, mayu," nikamwitikia. Mayu kwao ni mama.

Wasukuma salamu zao ni ndefu, wewe utaulizwa mpaka habari za ng'ombe usiokuwa nao. Huyu hakuuliza kitu. "Mimi ni mama yake Doto. Sahani ya Kulwa iko wapi?"

Akanieleza. Dereva wa basi la Mwandoya kawaletea habari kwamba Doto anakula na hashibi. Anajifunika na anatetemeka. Kakonda mpaka hawezi kusimama darasani, na hospitali wamempima hawaoni ugonjwa. Walimu wenzake wanangoja tu.

Nikamweleza na mimi habari ya yule msichana wa veranda, maneno yake yote, mpaka lile la kwamba havitawatosha. Nilidhani atapiga kelele. Akafuta macho tu kwa upande wa khanga.

"Nilizaa wawili, mwalimu. Nikazika mmoja. Sitamzika wa pili kwa ajili ya sahani. Vitafute."

Vyote vilikuwepo isipokuwa kikombe. Nikazunguka chuo kizima nauliza kikombe, mpaka nikafika kwa mkuu, kumwomba ruhusa ya safari. Nilikuwa nimejiandaa kusikia hotuba, maana mkuu alikuwa adui mkubwa wa ushirikina. Badala yake alifungua kabati, akanitolea kikombe cha Kulwa.

"Kichukue," akasema, haniangalii. "Nikinywa chai, nusu yake inaisha kabla sijaifikia. Na ruhusa unayo."

Njia ya Mwandoya wakati wa mvua sitaki kuikumbuka. Basi lilizama, tukashuka, tukasukuma, likazama tena. Mama kakumbatia ule mzigo, hataki mtu amsaidie. Tulipofika kwenye nyumba ya Doto nilimpita pale kitandani, sikumtambua. Macho yalikuwa yake, mengine yote yalikuwa mifupa.

"Mama, nilichoka," akasema. "Nilitaka na mimi niwe mmoja."

"Najua. Lakini hukuzaliwa mmoja."

Mama hakulia. Akawasha moto, akasonga ugali, akapakua sahani mbili zikalingana, akamimina maziwa vikombe viwili. Blanketi la pili akalitandika juu ya la kwanza. Raba akazipanga mlangoni, jozi kando ya jozi. Kisha akasema kwa Kisukuma maneno machache ambayo sikuyaelewa, na sikuuliza. Doto akala. Akala polepole, halafu akaweka tonge chini, akasema, "Nimeshiba." Mimi, mlezi wa bweni niliyeogopwa na chuo kizima, nililia kama mjinga.

Usiniulize habari za sahani ya pili. Mimi ndiye niliyeosha vyombo, na sitasema zaidi ya hapo.

Jua lilipokuwa linazama tukakaa nje, mimi na mama. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, ulimwona kweli?"

"Nilimwona."

"Ni mkubwa?"

"Sawasawa na Doto. Mabega, shingo, kila kitu."

"Na meno anayo?"

Nilimshangaa. Akasema, "Nilimzika hajaota hata moja."

"Anayo, mayu."

"Ya juu na ya chini?"

"Yote."

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Nilimsikia anacheka huku machozi yanatoka. "Basi hatukununua bure," akasema. Halafu akanisogelea kabisa, akanishika goti. "Anachekaje?"

Ningemjibu nini? Alikuja kwangu nikamfokea. Hakuwa na sababu ya kucheka.

Doto alipona. Alifundisha, akaolewa, na mumewe analalamika mpaka leo kwamba pale nyumbani hakinunuliwi kitu kimoja. Godoro la zahanati lilitumika mpaka likaisha. Mkuu aliendelea na hotuba zake dhidi ya ushirikina, ila ikifika sehemu hiyo alikuwa anaharakisha. Mimi nimestaafu, nimerudi Korogwe, na kila mwaka vijana wa chuo cha hapa wananifuata mzee wa watu niwasaidie kuuza vitu vilivyoachwa mabwenini, wasaidie yatima. Nawafukuza. Wananiona mkali.

Basi ukikusanya vya watu, hata kwa nia njema, uliza kwanza ni vya nani, na uliza kama wote wenye navyo wamekubali. Na kama mmoja wao akija mwenyewe kudai chake, usimfokee. Mpe, kisha mtazame vizuri usoni, maana kuna mtu atakuja kukuuliza.