Baiskeli imefika, simu imenyamaza

Jamani, leo nimejiponza mwenyewe.

Mjukuu wangu Neema anakulia Dar, lugha yetu ya Kijita haijui. Nikabuni mchezo. Kila jioni ananipigia, namfundisha neno moja, mama yake anambandikia nyota kwenye kadi. Kadi ikijaa, bibi anatuma baiskeli.

Alikuwaga hakosi! Na mimi hapa Makoko nilikuwaga nashinda natafuta neno la jioni. Leo nimenunua sato mzima, nimwonyeshe kwa video na kumfundisha sisi tunamwitaje.

Kumbe baiskeli niliyomtumia imefika mchana.

Jioni simu kimya. Nikapiga mwenyewe.

"Yuko nje anaendesha, mama," binti yangu akasema, akamwita.

Mtoto akaja anahema. "Asante bibi!"

"Haya, njoo tuseme neno la leo."

"Bibi, kadi si imejaa? Tumeshamaliza."

Akarudi nje. Nikabaki nasikiliza kengele ya baiskeli.

(Nilicheka. Ningefanyaje?)

Wenzangu wenye wajukuu mbali, nyie mnawapaga nini?

Sato nimemkaanga, nimemla. Jina lake nimelitamka kwa sauti pale mezani, hakuna wa kurudia.