Fizibu ya Ishirini na Tano

Harufu ya ndagala waliooza, hao dagaa wa ziwa letu, naijua tangu utoto, kwa hiyo sikuishuku. Hilo ni kosa langu, na naliandika mwanzo kabla sijaandika makosa ya wengine.

Tulikuwa familia nne katika lupango moja, ua mmoja, hapa Kalemie, nyumba ya zamani yenye kuta nene, na waya za umeme zilizofichwa ndani ya kuta hizo tangu kabla wazazi wetu hawajaoana. Konteri, mita ya umeme, ilikuwa moja kwa wote. Chini yake kulikuwa na safu ya fizibu, vile vipande vya kaure vinavyokatika vyenyewe umeme ukizidi, ili waya usiungue. Laini moja ilipita chumba cha Bibi na kuishia chumba cha jirani yake, ambaye tulimwita Mama wa Kongelateri kwa sababu aliuza maji baridi na juisi kutoka jokofu lake. Bibi hakuwa bibi wa yeyote kati yetu. Alikuwa mjane aliyetoka upande wa kaskazini wa ziwa, akiuza ndagala wakavu sokoni, na magunia yake yalilala naye chumbani.

Kazi ya fizibu nilipewa mimi kwa sababu niliwahi kukaa miezi minane kwa fundi wa redio. Mwenye nyumba alisema, "Papa, weye uko na akili ya kuranti." Akili hiyo ya umeme sikuwa nayo. Nilikuwa na bisibisi.

Fizibu ya laini ile ilikuwa ya ampea kumi. Kila mara Mama wa Kongelateri alipowasha resho yake ya umeme ili apike maharagwe, kongelateri nayo ikivuta, ilikatika. Ninaweka nyingine, inakatika. Kwetu fizibu inayokatika ni fizibu mbaya, kama sufuria inayovuja. Hakuna aliyesema kwamba labda inafanya kazi yake, hata mimi.

"Papa, hizi unazinunua kwa wauza mayai ao?" Mama wa Kongelateri aliniuliza mbele ya watu. "Mayai njo yanapasukaka hivi. Tuletee fizibu ya kiume!"

Walicheka. Nami nilicheka, halafu nikaenda sokoni nikiwa na hasira.

Katika duka la vyuma muuzaji alizimwaga juu ya meza: za kumi, za kumi na sita, za ishirini na tano. Urefu sawa, unene sawa, namba iliyochapwa ubavuni tu ndiyo ilibadilika. Nilimuuliza ipi ina nguvu kuliko zote. Sikumuuliza ipi inafaa waya wangu. Niseme haki yake: hakunidanganya. Niliomba nguvu, akanipa nguvu. "Hii ya ishirini na tano utaisahau," alisema.

Fundi wangu wa redio aliwahi kuniambia kwamba fizibu inachaguliwa kwa kuangalia waya. Waya mwembamba, fizibu ndogo, basi, hata kama nyumba nzima inalalamika. Je, nililikumbuka neno hilo nikiwa dukani? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani nililikumbuka njiani kurudi, nikaona aibu kugeuka.

Fizibu mpya haikukatika. Resho, kongelateri na pasi viliwaka pamoja. Mama wa Kongelateri aliniletea chupa ya maji baridi, nami niliinywa kama mtu aliyestahili.

Baada ya majuma kama matatu, harufu ikaanza. Wa kwanza kuisema alikuwa Bibi mwenyewe, na jambo hili tulilisahau upesi sana.

"Ukuta yangu inanuka," alisema asubuhi moja, tukiwa kwenye bomba la maji.

"Bibi, ukuta haiendake kuvua," Mama wa Kongelateri akamjibu. "Ndagala njo zinanuka."

"Ndagala zangu ni kavu. Mimi ninazijua."

"Pua ya muntu haisikiake harufu yake mwenyewe!"

Ilikuwa harufu ya samaki kweli, ya samaki aliyekaa juani siku mbili, na ndani yake kitu kichungu kilichoshika kooni. Ilipanda mchana, ikapungua jioni. Watu walianza kuziba pua wakipita mlangoni kwake. Mmoja aliacha kupokea chakula chake. Wengine walitema mate, naye akiwa amekaa pale pale anachambua ndagala. Bibi akatoa magunia nje chini ya turubai ili tutosheke. Mvua ikanyesha, maji yakaingia, na sasa ndagala wakaoza kweli, funza wakatembea uani. Tukasema: mnaona?

Jumapili, baada ya misa, mwenye nyumba alituita wote uani akampa Bibi mpaka siku ya nne awe ametoka. Aliniuliza na mimi. Nilisema kwa upole, "Kwa kweli harufu iko." Sikusema uongo. Lakini upole ule, nikiusikia tena kichwani, unanichefua kuliko mate ya wengine.

Alitoka siku ya tatu. Vitu vyake vilienea kwenye mkokoteni mmoja. Wanawake waliosha chumba kwa Javeli, ile dawa kali ya madoa, sakafu na kuta, mpaka macho yakatuwasha. Siku moja palinuka Javeli tu. Kesho yake saa sita mchana, maharagwe yakiwa juu ya resho, samaki akarudi.

Mama wa Kongelateri ndiye aliyekuja kuniita, na sifa hiyo ni yake. "Papa, Bibi alienda na ndagala zake zote. Sasa hii samaki ni ya nani?"

Tuliingia katika chumba kitupu. Nilifuata pua yangu mpaka pale kilipokuwa kitanda, penye prizi ya zamani, tundu la kuchomekea umeme, ukutani. Niliigusa nikatoa mkono haraka. Nilikimbia kutoa fizibu, nikarudi na bisibisi. Mfuniko ulikuwa umelainika kama mkate uliolowa. Ndani, waya zilikuwa zimevuliwa ngozi, nyeusi, zimeshikana kwa uji wa plastiki, na mende watatu na mjusi mmoja walikuwa wamekaangwa wakagandia humo. Nilitema mate mara tatu. Ukutani palikuwa na alama ya kahawia, kwenye kimo cha godoro la Bibi. Kichwa chake kililala hapo.

Fundi wa redio alinithibitishia baadaye: plastiki ya prizi za zamani ikichomeka polepole inanuka samaki. Mahali pasipo samaki, nadhani watu wangekimbia kutafuta moto. Sisi tulimtafuta muuza ndagala.

Nilirudisha fizibu ya kumi. Niliikata prizi ile, nikaunga waya mpya mahali pake, nikawaambia majirani mmoja mmoja, kila mtu mlangoni kwake. Mwenye nyumba alisema, "Basi, hakuna aliyekufa." Mwingine akasema, "Lakini ndagala nazo zilinuka kidogo." Ni kweli, zilinuka kidogo. Hilo nalo niliandike.

Nilipanda pikipiki nikaenda kwa mtoto wa dada yake Bibi, alikohamia. Nilikuwa na fizibu ya ishirini na tano mfukoni. Nikamweleza yote, nikamwekea mkononi. Aliigeuzageuza, halafu akainusa.

"Hii hainuki," alisema.

"Hainuki, Bibi."

"Njo maana mulinitafuta mimi." Akanirudishia. "Umewaambia wenzako?"

"Nimewaambia, mlango kwa mlango."

"Kunifukuza, mulinifukuza mlango kwa mlango?"

Jumapili iliyofuata nilisimama uani wakati ule ule baada ya misa, nikaita kila mtu, nikasema kwamba fizibu niliichagua mimi, kwamba mimi ndiye niliyeupika ukuta wa Bibi, na kwamba yeye alituambia mapema tukamcheka. Mwenye nyumba aliangalia viatu vyake. Mama wa Kongelateri peke yake ndiye aliyesema, "Mimi pia," kisha akaja nami kusukuma mkokoteni wa kurudisha vitu vya Bibi.

Bibi amerudi. Fizibu ya kumi inakatika bado, kila resho au pasi inapowashwa juu ya kongelateri, na wananipigia kelele zile zile za mayai. Ninaweka nyingine ya kumi. Umeme ukirudi, Bibi hanishukuru wala hanitukani. Anabandika kiganja chake ukutani kwanza, anangoja, ndipo anawasha taa.