Matanki Mawili, Mazutu na Mawese

Mume wangu alipoleta nyumbani tanki la pili, nilidhani ameokota pipa la maji. Alikuwa amelitoa kwenye mzoga wa lori lililoungua njia ya Oicha, na akaniambia nisiulize kitu. Kuniambia nisiulize ni kumwambia mbuzi asile majani.

Tulikuwa Beni, mtaa wa Mulekera, wakati wa vita. Tulikuwa tumeshuka kutoka Butembo kupakia mawese, safari ya siku chache tu, na binti yetu nikamwacha kwa mama yangu amwachishe ziwa, maana kwetu mtoto haachi ziwa akiwa anamwona mama yake. Kisha wenye bunduki wakapigana njiani na barabara ikafungwa. Ilipofunguliwa, miezi ilikuwa imepita na mazutu, yaani dizeli ya lori letu, hayakupatikana mjini; yaliyokuwapo yalinyweshwa magari ya wanajeshi. Maziwa yangu yalikuwa yamekauka zamani. Nilichoogopa ni kimoja tu: kwamba mtoto yule atakuwa amesahau uso wangu.

Mawese, hayo yalikuwa tele. Na mume wangu alikuwa amesikia kwamba injini ya mazutu inaweza kuyala.

"Itakula namna gani?" nikamwuliza. "Asubuhi kule Butembo inagandaka mu bidon mpaka natoa na kijiko."

"Njo maana ya tanki mbili, mama. Ngoja uone."

Sikungoja. Nililala chini ya lori pamoja naye na fundi wa kuchomelea, nikiuliza kila bomba linatoka wapi na linaenda wapi. Tanki dogo lilikuwa la mazutu, kwa ajili ya kuamsha injini. Tanki kubwa lilikuwa la mawese, na ndani yake walizungusha bomba la shaba lenye maji ya moto ya injini, ili mafuta yawe mepesi. Injini ikishapata joto, dereva anageuza robine, koki iliyo pale karibu na goti lake, na injini inakula mawese. Kabla ya kuzima, lazima airudishie mazutu kidogo, isije ikalala na mafuta yakagandia kooni. Nikauliza bomba likitoboka itakuwaje, na kwa nini mizunguko si mingi zaidi. Fundi akamwambia mume wangu, "Papa, uyu mama mupatie tu posti ya kuchomelea, afanye ye mwenyewe."

Siku ya kujaribu, moshi ulinuka mandazi. Watoto wa jirani walikuja mbio na sahani, na nilicheka hadi nikalia, kisha nikalia kweli, kwa sababu sasa nilijua tutapanda hadi Butembo.

Tuliondoka asubuhi. Kwenye bariyeri ya kwanza, kizuizi cha barabarani, wanajeshi wakaingiza mpira kwenye tanki dogo wakanyonya mazutu yote, injini ikiendelea kuunguruma kwa mawese. Mmoja akachovya kidole kwenye tanki kubwa, akalamba, akapiga kelele kwa Kilingala, "Chef, oyo mafuta ya madesu!" Mafuta ya kupikia maharagwe. Wakacheka wakatuachia njia.

"Sasa tukizima, tunalala," mume wangu akasema.

"Basi hapana zima. Hata pasta akisimamisha."

Tulipanda mlima wa Kabasha katika ukungu na baridi, nami nilikuwa nikihesabu vilima vilivyobaki. Pale juu tukakutana na maziko. Kwetu, maiti ikipita, gari husimama na injini huzimwa, watu wasikie wimbo wao. Lakini vita vilikuwa vimeiua desturi hiyo. Madereva waliogopa kusimama popote, wakawa wanapiga honi na kupita.

Mume wangu akasimama. Nikaona mkono wake unakwenda kwenye waya wa kuzimia injini.

"Hapana! Mwana wangu iko nangoja!"

Akauvuta. Kimya kikaingia, na nilimchukia, nasema wazi. Kisha jeneza likapita dirishani kwangu. Lilikuwa fupi, mwanaume mmoja alilibeba begani peke yake.

Mvua ikaanza, na injini ikakataa. Mume wangu alifungua bomba moja, akanionyesha mawese yaliyoganda, ya rangi ya chungwa, kama ninavyoyakuta jikoni kwa mama. Tulikaa hapo hadi watu wakarudi kutoka makaburini. Mama wa marehemu ndiye aliyekuja kuuliza kwa nini hatuondoki, na mume wangu akamweleza, hata habari za mtoto anayetungoja.

"Kamyo zote zinapitaka mbio," akasema yule mama. "Ninyi mulizima juu ya mwana wangu."

Akawaita jamaa zake. Wakaleta maji ya moto kutoka kwenye vyungu vya kilio wakayamwagia mabomba, na makaa juu ya bati wakayasukuma chini ya tanki. Mwishowe akaleta bidon ya petroli, dumu la mafuta ya taa waliyoyaweka kwa kilio cha usiku ule, akaimimina mwenyewe kwenye tanki dogo. Nikamwambia wao watakesha gizani. Akasema giza wamelizoea. Watu husema kufa kufaana; siku ile nilifaidi mimi, na niliona aibu.

Injini ikawaka. Tulipofika Butembo, binti yangu alijificha nyuma ya mama yangu.

"Koko," akamwuliza bibi yake, "ule mama ni nani? Iko nanuka mandazi."

Nilijua itakuwa hivyo, na bado iliniuma. Alikubali kunikaribia kwa sababu ya harufu tu, akanusa kitenge changu, akarudi kwa bibi yake.

Safari iliyofuata nilimchukua, atake asitake, na tukapakia bidon mbili za petroli. Pale Kabasha nilimwacha ndani ya kabini, kwani nilishindwa kumleta mtoto aliye hai mbele ya yule mama aliyemzika wake. Yeye akapokea bidon, akaniuliza, "Na ule mwana mulikuwa nakimbilia, iko wapi?"

Akafungua mlango wa kabini mwenyewe. Binti yangu, aliyekuwa bado hanikubali, akamnyooshea mikono yote miwili, na yule mama akamchukua, akasimama naye, uso wake shingoni mwa mtoto. Mume wangu akageuza robine, akangoja mazutu yafike, akazima injini.