Viti Viwili vya Mwamgongo

Wiki iliyopita, kule Ujiji, tulimzika mwenzangu niliyesoma naye saikolojia, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nilipopigiwa simu nililia, ndugu msomaji; kisha, naandika kwa aibu, nikajiuliza kama sasa watu wataacha kumsifia. Wazo hilo halijaniacha hata siku moja.

Tuliajiriwa pamoja kutoa ushauri nasaha kwa wajane wa wavuvi katika kijiji cha Mwamgongo, kando ya ziwa. Chuoni nilimpita kwa alama. Nikaandaa chumba kama tulivyofundishwa: mlango umefungwa, viti viwili vinatazamana, dodoso mkononi. "Je, una huzuni?" nilimuuliza mama wa kwanza. Akautazama mlango. "Namshukuru Mungu." Waliofuata nao wakamshukuru Mungu, wote. Kumbe nje walinong'ona kwamba anayefungiwa peke yake ana majibu mabaya ya hospitali.

Mwenzangu aliwafuata kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Akakaa ubavuni mwa yule mama wa kwanza, wifi wa mama huyo akiwepo, wakawa wanageuza dagaa.

"Shikamoo, mama. Jana kwako nani alikula?"

"Marahaba. Watoto."

"Na wewe?"

"Mtoto huyu mmbea!" wifi akacheka. "Mwambie basi, bado unampakulia marehemu sahani yake, na hutaki tuiondoe."

Mama naye akacheka, halafu akalia, mikono haijaacha dagaa. Akaongea mpaka jua likawa kali.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao na dodoso langu. Katika ripoti nikaandika kwamba mwenzangu hazingatii usiri. Akaitwa kujieleza. Aliporudi aliniuliza tu, "Shoga, umekula?" Nikamjibu nimeshiba.

Msibani yule mama alikuja kwa boti. Alikaa ubavuni mwangu, akanisogezea ungo wa mchele bila kunitazama.

"Leo umekula, mwanangu?"

Nilitaka kusema nimeshiba. "Nilimwonea wivu, mama," nikasema. "Nilimchongea kazini."

"Alijua. Chambua mchele."

Nikachambua, na nikamweleza yote.

Nilichojifunza ni kidogo: elimu tuliyopewa si bure, ila haiwezi kumfikia mtu mpaka ikae pale anapokaa yeye, pamoja na watu wake. Ripoti nimeiandika upya na kosa langu nimelitaja. Jumatatu viti vinatoka nje. Wivu bado ninao, maana hata nikifaulu, Mwamgongo watasema nafanya kama yeye. Na watakuwa wanasema kweli.