Mashine ya Kuchana Mbao ya Mzee Kasiani

Umeme unaporudi Mikumi, mji mzima hujua mara moja. Watoto hupiga kelele za furaha, redio huendelea katikati ya neno, friji za wauza soda hukohoa na kuanza kunguruma. Ndaki Shimba alikuwa akisikia sauti moja zaidi, ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Ilitoka katika karakana iliyofungwa nyuma ya nyumba za barabara kuu: kwanza mguno mzito wa mota, kisha mlio wa msumeno unaopanda na kupanda hadi unakuwa mwembamba kama filimbi. Kila mara aligeuza kichwa, ingawa alijua waya wa mashine ile ulikuwa umekwisha kuchomolewa, na kufuli la mlango lilikuwa limeanza kushika kutu.

Alikuwa fundi seremala, mtu wa makamo, mrefu, asiyependa maneno mengi. Wazazi wake walitoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, wakatua Msowero yeye akiwa bado mgongoni mwa mama. Kama mambo yangekwenda yalivyotarajiwa, naye angechunga. Lakini siku moja, alipotumwa Kilosa mjini kununua dawa ya mifugo, alipita mbele ya karakana ya Mzee Kasiani na kusimama mlangoni kwa muda mrefu, akivuta harufu ya mninga uliochanwa wakati uleule.

Miaka ile, mkulima na mfugaji walipokutana njiani, kila mmoja alitazama upande wake. Kasiani alikuwa mtu wa Masanze, kwenye wakulima, na shamba la kaka yake liliwahi kuliwa lote na ng'ombe wa wageni. Alimtazama yule kijana kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Ng'ombe wako wako wapi?"

"Nimewaacha nyumbani, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umewaacha wote?"

"Wote, mzee."

"Basi ingia. Ila nikisikia ng'ombe akilia humu ndani, nitakuchana pamoja na mbao."

Hivyo ndivyo Ndaki alivyopata kazi, na ndivyo alivyopata baba wa pili. Karakana ilipohamia Mikumi, ambako nyumba za wageni zilikuwa zikijengwa kwa wingi, naye alihama. Walifanya kazi pamoja hadi mvi zikamwenea mzee kichwani na Ndaki akawa na watoto wa kusomesha.

Mashine ya kuchana mbao aliiunda Kasiani mwenyewe. Alichomelea meza ya chuma, akafunga mota aliyoipata kwa mtu aliyevunja kinu cha kusagia, na katikati ya meza akaacha ufa ambamo msumeno wa mviringo ulichomoza. Mwanzoni ilikuwa na kinga ya bati juu ya msumeno. Haikukaa. "Inanizuia kuona," alisema, akaiondoa na kuitundika ukutani pamoja na kalenda za zamani.

Na kulikuwa na desturi nyingine, ambayo karakana nyingi za upande ule zinayo hadi leo. Umeme ulipokatika, Kasiani hakuzima swichi. Aliiacha vilevile, wakavuka barabara kwenda kunywa chai kwa Lightness, mama mmoja aliyekuwa na kibanda cha chapati upande wa pili. Umeme ukirudi, mashine ilijiwasha yenyewe, na mlio wake uliwafikia pale walipokuwa.

"Haya, Msukuma, tunaitwa," mzee angesema, akifuta midomo. "Ng'ombe wako hawana akili ya namna hii."

"Ng'ombe wangu hawasubiri umeme, mzee."

Ndaki hakuona kosa lolote katika desturi hiyo. Tena aliipenda.

Siku ya tukio mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Walikuwa wakichana ubao mnene wa mninga, na ubao huo ulikuwa na mkazo ndani yake. Kadiri msumeno ulivyosonga mbele, pande mbili zilizokwisha kuchanwa zilirudi kukutana nyuma ya msumeno na kuubana. Hapo umeme ukakatika. Kasiani alitaka kuuchomoa ubao kwanza.

"Nenda ukaniagizie," alisema. "Mwambie chapati yangu asiiunguze kama ya jana."

Ndaki alikuwa ameshika kikombe mkononi umeme uliporudi. Alisikia mashine ikiita. Aliusikia pia mlio ukigota, kama mtu aliyekatwa kauli, halafu ukaendelea. Akatabasamu na kumwambia Lightness, "Mzee ameshaanza. Huyo hawezi kusubiri." Akanywa chai yake ikaisha, bila haraka, kwa kuwa ilikuwa ya tangawizi na asubuhi ilikuwa ya baridi.

Alimkuta mzee amekaa juu ya maranda ya mbao, mgongo ukiegemea ukuta, mikono yote miwili tumboni. Ubao ulikuwa sakafuni upande wa pili wa chumba. Meno ya msumeno yalikuwa yameukamata na kuurusha nyuma kwa nguvu yote ya mota, na Kasiani, aliyekuwa akiuvuta, alikuwa amesimama nyuma yake sawia. Hapakuwa na damu. Mashine ilikuwa bado inazunguka.

"Nipe maji," alisema. "Sijambo. Zima hiyo."

Alifariki jioni ileile, damu ikiwa imemwagikia ndani.

Tangu hapo Ndaki hakuigusa mashine. Alifunga mlango, akawa anatengeneza stuli na vitanda vidogo kwa msumeno wa mkono, kwenye kibaraza cha nyumba yake. Wateja wa milango na madirisha wakamwacha mmoja baada ya mwingine, maana kazi ya siku moja aliimaliza kwa wiki. Hakulalamika. Alichoshindwa kukizoea ni ile sauti. Ilikuja umeme uliporudi, na ndani yake, kila mara, mlikuwa na mgoto ule mdogo, na baada ya mgoto alihisi mdomoni ladha ya tangawizi.

Odilia, mjane wa Kasiani, alikuwa mama mwenye macho. Siku moja alimfuata kibarazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jumapili nilikuona kanisani. Umeme uliporudi na spika zikalia, watu wote walitazama mbele. Wewe uligeuka kutazama karakana."

Ndaki akaendelea kupiga msasa mguu wa stuli.

"Kuna mtu wa Ruaha anakuja kuiona mashine," Odilia alisema. "Sikufichi. Kama wewe huitumii, mimi nitaifanyia nini? Nipikie?"

Mnunuzi alikuja siku iliyofuata, Odilia akawafungulia karakana. Aliitwa Brayan, mtu mchangamfu aliyevaa glavu nene za kufumwa, mwenye karakana yake karibu na mashamba ya miwa. Aliizunguka mashine akiipigapiga kama mtu anayenunua fahali. Akaiona ile kinga ukutani.

"Hii ya nini, fundi? Ya kufunikia mboga?" Akacheka. "Kwangu mambo ya kufunika hakuna. Wala kuzima hakuna. Umeme ukikatika tunajinyoosha kivulini, ukirudi mashine inatuita yenyewe."

Maneno yalikuwa yaleyale ya mzee. Sauti tu ndiyo ilikuwa ya mtu mwingine, na ya mtu aliye hai.

"Hizo glavu," Ndaki alisema, "unavaa unapochana?"

"Zinalinda mikono, ati!"

"Jino likishika uzi mmoja, glavu inaingia na mkono unafuata. Mkono mtupu unaweza kupona na mchubuko. Wenye glavu hauponi."

"Fundi, unaogopa mashine?" Brayan alimgeukia Odilia kwa heshima. "Mama, nitaifuata Jumamosi na gari. Tumekubaliana?"

Odilia alimtazama Ndaki, na Ndaki akaelewa alichoulizwa. Ama asimame tena mbele ya mashine ile, ama iende Ruaha, ikamkute Brayan naye amesimama nyuma ya ubao. Na hiyo itakapoita huko, aliwaza, mimi nitaisikia hapa.

"Mama," alisema, "mwambie jibu atalipata Jumamosi atakapokuja."

Alifungua kufuli mwenyewe kesho yake, jua likiwa limepanda vizuri. Kwanza alifagia, kwa sababu mtu hujikwaa penye uchafu na kuangukia penye makali. Kisha alipima msumeno na kile chuma cha pembeni kinachouongoza ubao. Upande wa nyuma chuma kile kilikuwa kimeingia ndani kidogo, upana wa ukucha. Kwa miaka yote hiyo kilikuwa kikisaidia kuubana ubao, na yeye na mzee hawakujua. Alikilegeza, akakinyoosha hadi kikawa sambamba na msumeno, mbele na nyuma.

Nyuma ya msumeno alifunga bamba jembamba la chuma, lililosimama kufuata duara lake. Alilipiga tupa kwa uvumilivu: nene kidogo kuliko mwili wa msumeno, lakini jembamba kuliko njia ambayo meno huiacha. Bamba la namna hiyo huziweka pande mbili za ubao mbali, zisirudi kukutana. Akaishusha kinga kutoka ukutani, akaikata upya na kuifunga juu. Akachonga pia fimbo fupi yenye pengo mwishoni, ya kusukumia ubao pale unapokaribia kwisha, ili vidole visifike.

Swichi aliipeleka kwa Elia, fundi umeme wa Kilosa, aliyekuwa na mdomo.

"Nataka ile ambayo umeme ukikatika inajizima, na ukirudi haiwashi mpaka mtu abonyeze."

"Kumbe! Watu wananiletea mashine zilizogoma kuwaka, wewe unataka igome?"

"Ndiyo. Igome."

Elia alitaka kuongeza utani, akamtazama usoni, akauacha. Akamtafutia stata, swichi yenye vitufe viwili, cha kijani na chekundu, akaja Mikumi kuifunga mwenyewe. Waliijaribu kwa kuzima na kuwasha umeme kwenye kikata umeme cha ukutani. Mashine iligoma kila mara, kama ilivyoagizwa.

Jumamosi ikafika. Odilia alikuja mapema akakaa kwenye benchi karibu na mlango. Ndaki alikunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko, akavua saa, akavaa miwani. Ubao aliouchagua ulikuwa wa mninga. Aliushusha msumeno hadi kimo kinachofaa, meno yakizidi kidogo tu unene wa ubao. Halafu akasimama. Hakusimama nyuma ya ubao. Alisimama kando, mguu wa kushoto mbele, ili ubao ukirudi upite peke yake.

Mahali pale nyuma palibaki patupu. Hata hivyo alihisi kuna mtu. Hakugeuka. Alijua hasa angeona nini: shati la kaki, na penseli sikioni.

Akabonyeza kijani.

Mlio ulipanda. Alisubiri msumeno ufikie kasi yake yote ndipo akausogeza ubao, taratibu, bila kuusukuma kwa pupa na bila kusita. Unga mwekundu ukaanza kumwagika, harufu ya mninga ikajaa. Ubao ulikuwa umefika katikati wakati mlio uliposhuka ghafla, ukawa mguno, ukanyamaza. Taa ya ukutani ikazimika. Barabarani mtu akalaani kukatika kwa umeme.

"Ni vilevile kama siku ile?" Odilia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni vilevile, mama."

Alisubiri msumeno usimame kabisa. Akabonyeza chekundu, ijapokuwa haikuhitajika. Akachomoa waya kwenye soketi na kuulaza sakafuni mahali anapouona. Ndipo akachukua kabari ndogo ya mti, akaigonga kwenye ufa wa ubao nyuma ya bamba ili ufunguke, akaanza kuutoa ubao akiwa kando. Alikuwa ameinama hivyo, mkono mmoja juu ya meza, watoto waliposhangilia na redio ya jirani ikaanza tena kulia.

Akaisikia. Mguno, mlio ukipanda, mgoto. Ulitoka chini ya kifua chake, ndani ya mashine ileile aliyoinamia, na ladha ya tangawizi ikaja. Miguu yake ikataka kukimbia kuvuka barabara. Alitazama msumeno, ulikuwa umesimama, jino moja likiwa na unga juu yake. Alitazama waya sakafuni. Masikio yake hayakuamini macho. Basi akakiweka kiganja chote, kikiwa wazi, juu ya chuma cha meza. Chuma kilikuwa baridi. Hakikutetemeka hata kidogo. Akakiacha pale, mlio ukaendelea kupanda kichwani mwake, na chuma kikaendelea kutulia, hadi akabaki na redio ya jirani peke yake; baadaye hakuweza kusema ni lini hasa.

Nje gari lilipiga honi. Brayan alikuwa amefika, na watu wa kupakia.

Odilia aliinuka, akasogea hadi nyuma ya meza. Alikuwa akilia, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Nimwambie nini?"

Ndaki alipangusa kiganja kwenye suruali, akachukua waya sakafuni.

"Mwambie haiuzwi. Na umkaribishe ndani aione hii swichi, kabla hajarudi Ruaha. Avue glavu kwanza."

"Na wewe?"

"Ubao wangu uko nusu, mama. Pita huku kando, usisimame hapo nyuma."

Odilia alikuwa amesimama palepale mzee alipokuwa amesimama siku ile. Alipatazama chini, kwenye maranda, kwa muda ambao Ndaki hakutaka kuuharakisha. Kisha akasogea, akaenda mlangoni kumpokea mgeni, na Ndaki akachomeka waya.